Namba Moja kwenye Orodha ya Mazishi

Shikamoo, Mzee.

Najua marahaba yako haiji. Nimesubiri kidogo hata hivyo, kalamu mkononi, kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtu hamwagi shida zake kabla salamu haijapokelewa. Nitachukulia umeitikia.

Naandika kwa mkono. Kompyuta yako iko hapa mbele yangu, imefunikwa kile kitambaa chako cha maua, ningeweza kuiwasha, ila leo hata kibodi naiona kinyaa. Nina hasira, Mzee, na nina aibu, na sijui kipi kitangulie. Umekufa, na watu wamekuwekea maneno mdomoni. Karatasi waliyotumia kukuwekea maneno hayo niliitoa mimi, Tina wako, kwa mkono huu huu unaokuandikia.

Ungekuwepo ungegonga meza mara mbili na kusema, "Mwanzo kwanza, Tina." Haya, mwanzo kwanza.

Tangu uondoke, hapa steshenari mambo mengine yamebadilika na mengine yamegoma. Mashine ya kopi bado inatafuna karatasi mpaka uipige kofi ubavuni. Watu wa Bisibo bado wanaingia na kuuliza, "Mzee yupo?" na mimi bado nasimama kama niliyesahau Kiswahili. Kiti chako hakuna anayekikalia. Mkeo Mama Evodia alikuja siku moja, akakifuta vumbi kwa upindo wa kanga, akaondoka bila kuaga. Huko nyumbani Kaniha maharage yameota mpaka karibu na kaburi lako, na amesema yasing'olewe. Anasema ulipenda kuona kitu kinaota.

Na kopo lako la biskuti lipo. Nitalirudia.

Unakumbuka ulivyoanza ule ugonjwa wako wa mafaili? Maana sisi tuliuita ugonjwa. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka Bugarama, natokea kwa mama na begi moja, sijui hata kuwasha kompyuta, ukanikubali ukasema utanifundisha kuchapa kama sitakuwa mtu wa kulialia. Wiki ile ile akaingia Mama Sperata, yeye ndiye akalia kwa niaba yetu sote. Hati yake ya kununua shamba ilichapwa zamani kwenye duka jingine. Karatasi yenyewe ililiwa na mchwa, likabaki faili. Kesi ya mpaka ilipokuja, faili likafunguliwa kwenye kompyuta nyingine yenye programu nyingine, na lile jedwali la majirani likavurugika, majina yote yakateremka mstari mmoja. Jirani wa mashariki akajikuta kusini. Palipokuwa na kijito pakawa na jina la mtu. Wasikilizaji wa kesi wakasoma kilichotoka kwenye printa kama kilivyo, na Mama Sperata akapoteza migomba aliyoipanda kwa mikono yake. Alikaa hapo kwenye benchi akilia kwa Kisubi. Mimi Muhangaza nilielewa nusu, na nusu ile ilitosha.

Wewe hukuliacha. Uliuliza kila mtu aliyewahi kugusa kompyuta katika wilaya hii, ukapiga simu mpaka kwa watoto wa watu walioko vyuoni. Siku moja ukaniita, ukachukua bahasha kuukuu ukanichorea. Ukasema faili lina namna linavyoandikwa kwa ndani. Namna nyingine ni siri ya aliyeuza programu, usipokuwa na programu yake unabahatisha. Namna nyingine iko wazi, maelezo yake yamewekwa hadharani, mtu yeyote anaweza kutengeneza programu ya kuisoma, leo au wajukuu zetu watakapokuwa wazee. Ukasema, "Hati ya shamba isiwe na mwenyewe wa pili zaidi ya mwenye shamba." Kisha ukaanza kuchapa upya hati za watu kwenye huo muundo ulio wazi, moja moja, bila kuombwa na mtu, ukiweka kila kitu kwenye flashi ndani ya kopo la biskuti. Nilikucheka. Nilikuita Mzee wa Kopo, mpaka wateja wakaanza kukuita hivyo, nawe ukaitikia bila kununa.

Ndiyo maana lile tangazo lilipokuja ulifurahi kama mtu aliyealikwa harusini. Wakubwa wa viwango huko serikalini walikuwa wameandika rasimu ya namna nyaraka za ofisi za umma zitakavyoandikwa na kuhifadhiwa kwenye kompyuta, na wananchi wakakaribishwa kutoa maoni. Ulisoma mara tatu umesimama. Wananchi! Ukaniuliza, "Sisi si wananchi, Tina?" Kisha ukafika pale rasimu iliposema kwamba ofisi zinaweza kutumia muundo wowote unaofaa, uso ukabadilika. Ukasema, "Unaomfaa nani?" Siku ile hukula mchana.

Kurasa tatu za maoni ulizoandika kwa mkono nazijua kwa moyo. "Mimi si mtaalamu. Ni mpiga chapa wa Biharamulo. Naomba hati yoyote ambayo mwananchi anapewa na ofisi, au anayotakiwa kuipeleka ofisini, iwe kwenye muundo ulio wazi, na jambo hilo liwe lazima, lisiwe hiari. Nina mama mmoja hapa aliyenyang'anywa migomba yake na jedwali." Nilikuambia hiyo sentensi ya mwisho uiondoe, haina sura ya kiofisi. Ulinitazama juu ya miwani. "Hiyo ndiyo barua yenyewe. Hayo mengine yote ni bahasha."

Ulitaka nizichape Jumatatu. Jumapili presha ikakuangusha mlangoni mwa kanisa.

Sasa nafika kwenye mazishi yako, na hapa lazima niende polepole, kwa sababu kosa langu limezaliwa humo. Wewe ulikuwa katibu wa chama chetu cha kuzikana miaka yote, mimi nikiwa msaidizi wako. Siku ile, kwa mara ya kwanza, nilishika daftari peke yangu, na maiti ilikuwa yako. Unajua utaratibu, ni wewe uliyeuweka. Udongo ukishasawazishwa, kabla watu hawajatawanyika, katibu anasimama na kuita majina, nyumba kwa nyumba, asiyekuwepo ajulikane. Na nyumba inayoitwa kwanza ni ya aliyezikwa. Inaitwa kwa jina lake marehemu, na waliobaki wanaitikia kwa pamoja, kwa sababu mtu amekufa lakini nyumba haijafa. Anabaki kuitwa hivyo mpaka msiba umalizwe rasmi.

Basi nikaita. Anatory. Sauti ikanikatika katikati ya jina, nikaita tena. Mama Evodia na watoto wakaitikia, "Tupo!" Nikaandika mstari wa kwanza: namba moja, Anatory, kitongoji, simu. Mkeo akachovya kidole kwenye wino akabonyeza. Kwenye ile safu yako ya mwisho, ya kazi ambayo kila nyumba imefanya msibani, nikakuwekea kistari, kwa kuwa mfiwa hapewi kazi. Wengine nikawaandikia: kaburi, kaburi, maji, kuni, maji, turubai, ndizi, kaburi. Nyumba zote, saini zote, vidole vyote. Nilijivuna kidogo, Mungu anisamehe. Nilijiambia ungeiona ungesema imenyooka.

Siku ya nne nilifungua duka ili nichape orodha, nakala ya chama iwe tayari. Akaingia bwana mmoja. Sitamtaja jina. Si kwa heshima, ila sitaki jina lake likae kwenye karatasi moja na lako. Alikuwa ameajiriwa kuzunguka wilaya hizi mbili, yetu na Ngara, kukusanya maoni ya wananchi kuhusu ile rasimu. Viatu safi, chupa ya maji mkononi, kila mtu kwake ni mdau. Nilipomwona nilisema huyu ameletwa na Mungu, nikaanza kumweleza habari za kurasa zako tatu. Akasema, "Pole sana dada, tutaziangalia," huku macho yake yako mezani kwangu. Akaivuta orodha ya mazishi kwake. "Hii fomu ya mahudhurio umetengeneza wewe? Ina safu nzuri. Naomba nakala, niwaonyeshe wenzangu mfano."

Nikampa. Mzee, nikampa! Niliiskani ile yenye saini na vidole, nikamwekea kwenye flashi yake, tena nikitabasamu. Wewe ungeuliza maswali manne kabla ya kumpa mtu hata bahasha tupu. Mimi nilisifiwa safu, tena safu zako, nikalewa. Na kurasa zako tatu akaziacha mezani pale pale, hakuzigusa hata kwa kucha.

Alirudi baada ya majuma mawili na flashi ile ile. Alitaka ripoti yake ichapwe nakala kumi na kubanwa kwa springi. Nikaanza kuchapa bila kusoma, kama kawaida, ukurasa mmoja baada ya mwingine, mpaka nikaona kidole cha mkeo.

Kipo pale, Mzee. Kiambatisho cha mwisho. Kichwa cha habari kimefutwa, kimeandikwa kingine: orodha ya wadau waliohudhuria na kutoa maoni. Namba moja, Anatory. Tarehe ni ile tuliyokufukia. Nilisimama pale mashine ikiendelea kutoa karatasi, nikatoka nje nikatema mate.

Kisha nikarudi nikasoma ripoti yote. Nataka uijue ilivyo, kwa sababu mimi nimeibeba peke yangu na imenichosha. Inasema mkutano wa wadau ulifanyika kwa mwitikio mkubwa. Inasema, sikiliza vizuri, kwamba mkutano ulikuwa wa utulivu mkubwa. Utulivu! Inasema wadau kwa kauli moja waliunga mkono rasimu kama ilivyo, bila marekebisho. Halafu ikaja kwenye ile safu yako ya kazi. Yule bwana hakujua ni safu ya nini, na hakujisumbua kuuliza. Akaichukua kuwa ndiyo maoni. Ameandika kwamba wananchi wengi walizungumzia mambo yaliyo nje ya mada, hasa upatikanaji wa maji na kuni, na baadhi yao walisisitiza suala la makaburi, hivyo inapendekezwa watu wa maeneo haya wapewe elimu zaidi.

Mzee Yohana alichimba shimo lako mpaka mikono ikatoka malengelenge. Ameandikwa kuwa ni mjinga asiyejua mada.

Na wewe, kwa kuwa ulikuwa na kistari, umeandikwa kuwa huna la kuongeza. Wewe! Mtu uliyenyima tumbo chakula kwa sababu ya neno moja la rasimu ile. Umekuwa mwananchi wa kwanza wa wilaya hii kukubali kwamba hati za watu ziwekwe kwenye muundo wowote.

Nilimuuliza yule bwana, aliyekuwa akisubiri kwenye benchi. Sauti ilinitoka ndogo kuliko nilivyotaka. Hakushtuka hata kidogo. Akasema, "Dada, mbona unakuza mambo? Hao ni watu kweli au si watu kweli? Walikusanyika au hawakukusanyika?" Nikamwambia walikusanyika kuzika. Akafungua chupa yake akanywa maji. "Ingekuwa ni kuwaita kwenye mkutano wa mafaili, angekuja nani? Mimi nimewasaidia wilaya yenu isionekane imelala." Kisha akaongeza, taratibu, kama anayemwonea mtoto huruma, "Na kumbuka orodha ulinipa mwenyewe."

Hapo ndipo aliponishika. Unajua sheria ya chama, katibu hatoi majina ya watu nje bila kikao. Nikipiga kelele, swali la kwanza litakuwa alipoipata. Nikafunga mdomo. Nikazichapa nakala zote kumi, nikazitoboa, nikazibana kwa springi, nikazipanga. Aliponishukuru nikasema karibu tena. Neno hilo "karibu tena" linaniwasha kooni mpaka leo.

Nilikaa kimya siku nyingi. Nilimchukia yule bwana kwa viatu vyake, kwa chupa yake, kwa neno lake la mdau, lakini kila nilipojitazama kwenye kioo cha mashine ya kopi niliona mtu wa kuchukiza zaidi. Yeye hakukujua. Mimi nilikula kwenye sahani zako.

Aliyenivunja ni mkeo. Alikuja na kikapu cha ndizi, akakaa benchi lile la Mama Sperata, akauliza bila kuzunguka, "Zile karatasi za baba yenu mlishazipeleka? Alinisumbua nazo sana. Alisema mwisho wa kupokea ni wiki hii inayokuja." Nikaanza kusema bado, nikajikuta nasema yote. Hakunikatiza. Akataka nimsomee ripoti, nikasoma kutoka nakala niliyokuwa nimejibakizia kwenye kompyuta. Nilipofika kwenye utulivu mkubwa akacheka, kicheko kibaya, cha pumzi moja. Nilipofika kwenye namba moja akanyoosha kidole chake gumba akakitazama kama kitu cha mtu mwingine.

"Walikichukua kidole changu wakamtilia Anatory saini ya kitu alichokikataa," akasema. Halafu akainuka. "Jumapili chama kinakutana kumaliza msiba. Utayasema mwenyewe. Mimi sitakusemea."

Hakunipiga, hakunitukana, na kikapu cha ndizi akakiacha.

Jumapili tulikutana uani kwako baada ya misa. Chai ilipokwisha nilisimama nikawaambia. Nilisema nimetoa orodha, kwa nani, na kwa sababu gani. Sikusema nilidanganywa, ingawa nilidanganywa, kwa sababu ningekuwa nimejificha nyuma ya neno. Kisha nikawasomea jinsi walivyoandikwa. Kulikuwa na zogo, Mzee. Vijana walitaka kwenda kumtafuta yule bwana siku ile ile. Mama mmoja aliyekuwa ameleta maji akauliza mara tatu, "Kwa hiyo mimi ndiye wa nje ya mada?"

Mzee Yohana aliwanyamazisha. Unamjua, hapandishi sauti. Alisema, "Mimi nilichimba kaburi. Sikutoa maoni." Akaendelea. "Mimi nimevuka mpaka kutoka Burundi nikiwa mgongoni kwa mama. Nimeandikwa kwenye olodha nyingi. Ya mahindi, ya mablanketi, ya kukaa, ya kulejea. Kila mara naandikwa kwanza, halafu ndiyo naambiwa nimekubali nini. Nilijua olodha ya kuzikana tu ndiyo yangu. Hii tu." Akanigeukia, na hapo nilitamani ardhi inimeze. "Na hii nayo umeitoa, binti."

Hakuna tusi lililowahi kunichoma kama hilo.

Mama Sperata ndiye aliyegeuza kikao. Alisimama akauliza kurasa zako ziko wapi. Nilikuwa nazo kifuani, ndani ya nguo. Akasema zisomwe, zote tatu, polepole, na zile sehemu ngumu nizieleze. Nikasoma. Nilieleza kwa ule mchoro wako wa bahasha, nikauchora chini kwenye udongo kwa kijiti. Watu waliniuliza maswali, Mzee. Maswali kweli! Kama hati ikiwa kwenye muundo wa wazi mtu mwingine hawezi kuingia akaibadilisha, nikasema anaweza, kama anavyoweza kuibadilisha ya karatasi, kuwa wazi maana yake ni kusomeka, ulinzi ni jambo jingine. Kama walio na simu tu wataweza kuifungua. Kama vyeti vya ubatizo navyo vimo. Yohana akauliza karatasi zake za uraia zitakuwa za namna gani, nikasema ndilo hasa unaloomba wewe, kwamba zisomeke popote. Akasema, "Ego," kwa Kirundi chake, ndiyo, akakunja mikono.

Nilipofika kwenye mama aliyenyang'anywa migomba na jedwali, Mama Sperata hakulia. Alisema kwa sauti, "Huyo ni mimi. Muandike jina." Nikakumbuka nilivyotaka uiondoe sentensi ile, nikaona haya upya.

Wakaamua mambo mawili. Chama kitaandika barua kusema kwamba orodha ile ni ya mazishi, na hakuna aliyeulizwa kitu siku ile zaidi ya kama kamba za kushushia jeneza zimefika. Na kurasa zako zitapelekwa kama ulivyoziandika, bila kuguswa, pamoja na majina ya wote waliozisikia na kuzikubali. Kisha wakaamua la tatu, linalonihusu mimi: daftari nilirudishe. Limepewa mwalimu mmoja mstaafu mwenye mwandiko kama wa misale ya kanisani. Ni haki, na sikubisha. Waliniruhusu niandike orodha moja ya mwisho, hiyo ya maoni, halafu basi.

Nimepeleka kila kitu kabla ya muda kufungwa. Usicheke, fomu yao ya kutolea maoni juu ya miundo ya wazi haikufunguka vizuri kwenye programu yako, nusu ya maboksi yalipanda juu ya maandishi. Nilichapa maoni yako kwenye muundo wako wa wazi, nikabandika picha za saini, nikatuma, nikatuma pia kwa karatasi. Nilipata jibu la mstari mmoja, kwamba wamepokea. Basi. Ripoti ya yule bwana wamepokea pia, najua, na imebanwa vizuri kuliko yetu, kwa sababu niliibana mimi. Labda wataweka zote kwenye kabati moja. Labda mtu mmoja atasoma. Sikudanganyi kwamba tumeshinda, Mzee, sijui. Juzi yule bwana amepita hapa kwenye gari, ameniona mlangoni, amepandisha kioo. Sikujisikia vizuri hata kwa hilo. Bado kila nikigusa springi za bainding nasikia uchafu vidoleni.

Lakini kuna jambo limebaki, nililiruka makusudi, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Siku ile uani, kabla sijaanza kuandika majina ya waliokubali, nilisimama na daftari kama ulivyonifundisha. Mkono ulishajua pa kuanzia. Nyumba ya marehemu kwanza. Nikaita, "Anatory."

Watoto wako walifungua midomo kuitikia, mama yao akainua mkono wakanyamaza. Sikuelewa, nikaita tena. Anatory.

Mama Evodia akasimama kutoka kwenye mkeka. Alisema, "Hayupo. Andika hayupo."

Watu waliinamisha vichwa. Kwa utaratibu wetu nyumba yako ilikuwa bado na haki ya jina lako mpaka jioni ile, yeye angeweza kuitikia na kubonyeza kidole kama siku ya mazishi, na hakuna ambaye angesema neno. Akaendelea, kwa sauti ile anayotumia kuhesabu mikungu. "Walimwandika yupo, kwa sababu tuliitikia. Mimi siitikii tena kwa ajili yake. Yeye kaandika barua yake, ile pale. Anatory hayupo. Mimi nipo. Niandike mimi."

Niliandika hayupo. Neno fupi, Mzee, na nimechapa maelfu ya maneno kwa miaka hii, lakini lile liliniangusha. Nililia juu ya daftari mpaka wino ukasambaa, wakanisubiri. Nilikuwa sijakuzika mpaka pale. Nilikuwa nimeita jina lako, nikaitikiwa, nikaandika, nikajidanganya kwamba bado uko mstari wa kwanza. Chini yake nikaandika Mama Evodia, kwa jina lake mwenyewe, Leonsia, ambalo nilikuwa hata silijui na ilibidi niulize. Akabonyeza kidole chake. Safari hii kilikuwa chake.

Basi nenda, Mzee wa Kopo. Nimekucheka, nimekuuza kwa sifa ya safu, na sasa nimekuandika kuwa hupo. Hilo la tatu ndilo pekee nililolifanya vizuri. Hati za watu nitaendelea kuzichapa upya pale ulipoishia, ulikuwa umefika kwa wale wa kitongoji cha juu, na kila mmoja nitamsomea hati yake mpaka mwisho kabla hajaweka kidole. Na jina lako sitaliandika tena kwenye karatasi yoyote ambayo huwezi kuikataa.

Hata kwenye bahasha ya barua hii sijaliandika. Naikunja hivi hivi, naiweka ndani ya kopo.

Tina